Mkono wa kushoto wa Scriabin

Mgeni apendaye muziki akifika kwangu, humwekea kipande kimoja cha piano, nokturni (kipande chenye hali ya usiku) ya Opus 9, yaani kazi yenye namba 9, ya mtunzi wa Urusi Alexander Scriabin, kisha namuuliza ni mikono mingapi inayopiga. Wengi hujibu miwili. Wapo walioshikilia kwamba ni watu wawili wamekaa benchi moja. Na huwezi kuwalaumu, maana besi inasikika chini kabisa, kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zinajaza katikati, na juu yake wimbo unatembea taratibu kama soprano anayejua hana haja ya kupaza sauti. Lakini ni mkono mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani.

Nimeanza na nokturni hiyo kwa sababu, kwa maoni yangu, ndiyo mlango sahihi wa kuingilia kazi za mwanzo za Scriabin. Watu wengi huingilia mlango mwingine. Husema kijana huyu wa Moscow alimwiga Chopin, mtunzi wa piano kutoka Poland, kwa miaka kama kumi na mitano, kisha ghafla akageuka mtu wa maono na kuandika muziki wa ajabu uliompa jina. Kwa maelezo hayo, kazi za mwanzo ni mazoezi tu ya kupashia mwili moto. Mimi sikubali. Ukiufuata mkono wa kushoto katika vipande hivyo vya ujanani, utakuta karibu kila kitu kilichokuja baadaye kimeshapandwa humo, na utaona kwa nini kilipandwa upande ule.

Scriabin alizaliwa Moscow siku ya Krismasi ya mwaka 1871 kwa kalenda ya zamani ya Urusi, yaani tarehe 6 Januari 1872 kwa kalenda tunayoitumia leo. Chopin alikuwa amefariki tangu 1849. Wagner alikuwa bado hai, Brahms yuko katikati ya kazi yake. Karne ile ya Romantiki, ambayo watunzi wa Ulaya waliutumia muziki kueleza yaliyomo moyoni kuliko kutimiza kanuni za umbo, ilikuwa inaelekea ukingoni. Mtoto huyu alikuja mwishoni mwa sherehe, vyakula vimeshaliwa vingi.

Mama yake, Lyubov, alikuwa mpiga piano hodari aliyefundishwa na Leschetizky, mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa wakati ule. Alifariki kwa kifua kikuu mtoto akiwa na mwaka mmoja hivi. Baba alisomea Kituruki, akaingia utumishi wa kibalozi na kuishi mbali katika milki ya Uthmaniya. Aliyemlea mtoto ni shangazi yake, dada wa baba, akisaidiwa na bibi. Kwa hiyo piano aliyorithi kwa mama hakuipokea kwa kufundishwa naye. Aliipokea kama kitu cha marehemu kilichobaki ndani ya nyumba.

Alipelekwa shule ya kijeshi, kama ilivyokuwa desturi ya familia yake, huku akisoma piano kwa Nikolai Zverev, mwalimu mkali ambaye kwake alisoma pia kijana mwingine, Sergei Rachmaninoff. Mwaka 1888 akaingia Konsavatori ya Moscow, chuo cha muziki. Piano alifundishwa na Vasily Safonov, kontrapunti, ufundi wa kuunganisha sauti zinazojitegemea, akafundishwa na Sergei Taneyev, na utunzi na Anton Arensky. Husimuliwa kwamba Safonov aliwaambia wanafunzi wengine wasiitazame mikono ya Scriabin, waitazame miguu yake. Alimaanisha jinsi alivyotumia pedali. Kauli hiyo tuiweke kando kidogo, tutaihitaji.

Mkono ulioumia

Mikono ya Scriabin ilikuwa midogo. Alifika oktava, yaani noti nane mfululizo, na kidogo zaidi, basi. Katika chuo kimoja na Rachmaninoff, ambaye mikono yake ilikuwa mikubwa kupita kiasi, na Josef Lhévinne, ambaye vidole vyake vilikuwa kama mashine, kijana mwenye fahari yake asingeweza kukaa kimya. Mwaka 1891 akaamua kushindana. Akavichukua vipande viwili vinavyotisha hata leo: fantasia ya Liszt juu ya opera ya Don Giovanni, na Islamey ya Balakirev. Akavipiga mchana na usiku mpaka mkono wa kulia ukasalimu amri.

Madaktari walimwambia hautapona. Kwa mpiga piano wa miaka kumi na tisa hiyo ni hukumu. Katika daftari lake la binafsi aliandika kwamba hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote maishani mwake: majaaliwa yamemtuma njiani na papo hapo kumwekea kizuizi mbele ya umaarufu alioutamani. Anasema ndipo alipoanza kufikiri kwa uzito juu ya maisha, juu ya dini, juu ya Mungu. Mwishoni mwa orodha hiyo anataja kwamba ametunga Sonata ya kwanza, yenye maandamano ya mazishi.

Sonata hiyo, Opus 6 katika ki (noti ya nyumbani pamoja na ngazi yake) ya F maina, ni ya mwaka 1892. Ina sehemu nne, na desturi ilitaka sehemu ya mwisho iwe ya mbio na ushindi, wasikilizaji warudi nyumbani wamechangamka. Yeye ameweka msiba. Besi inatembea kwa hatua za watu waliobeba jeneza. Katikati ya maandamano kila kitu kinasimama, na kordi za taratibu zinakuja kama kwaya inayoimba mahali fulani mbali sana. Juu ya noti hizo ameandika alama ya unyamavu mara nne, p nne zimepangwa mstari mmoja, na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "karibu na si kitu". Jaribu kuipiga sehemu hiyo kwenye piano halisi uone ilivyo kazi. Nyundo ya piano lazima ifike kwenye waya, vinginevyo hakuna sauti kabisa, na ikifika kwa nguvu kidogo tu zaidi unyamavu umeshavunjika. Kisha hatua za besi zinarudi vilevile, jeneza linaendelea na safari.

Mimi husikia kitu kimoja zaidi katika sonata hiyo. Kijana huyu hakumzika mtu. Aliuzika mkono wake wa kulia.

Mkono wa kulia ulikuja kupona, madaktari walikosea. Mwaka huohuo wa 1892 alihitimu piano akapata medali ndogo ya dhahabu. Ile kubwa ilikwenda kwa Rachmaninoff. Cheti cha utunzi hakukipata kabisa, kwa sababu hakuelewana na Arensky na aliondoka bila kumaliza. Kwa hiyo mmoja wa watunzi waliobadilisha masikio ya Urusi hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba amesomea utunzi. Lakini katika kipindi kile cha maumivu mkono wa kushoto ulifanya kazi peke yake kwa muda mrefu, ukajifunza mambo ambayo mikono ya kushoto ya wapiga piano wengine haikuwahi kulazimika kujifunza.

Mkono mmoja unafanyaje kazi ya miwili

Tukirudi kwenye Opus 9, ya mwaka 1894, ina vipande viwili kwa mkono wa kushoto: preludi, yaani kipande kifupi, katika C# maina na nokturni katika Db meja (alama # hupandisha noti nusu hatua, b huishusha). Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo siri inapoonekana kwa macho.

Nyosha mikono yote miwili mbele yako, viganja chini. Kwenye mkono wa kulia, kidole kinachokaa upande wa noti za juu ni kidole kidogo cha mwisho. Wimbo kwa kawaida uko juu, kwa hiyo mpiga piano hutumia miaka mingi akikilazimisha kidole dhaifu kuliko vyote kuimba kwa nguvu kuliko vyote. Sasa tazama wa kushoto. Upande wa noti za juu kimekaa kidole gumba. Kizito, chenye nguvu, kinachojitegemea. Kwa kuimba wimbo ulio juu ya kordi zake wenyewe, mkono wa kushoto umeumbwa vizuri kuliko wa kulia. Scriabin aligundua hilo akiwa amelazimika, na nokturni yote imejengwa juu yake: gumba linaimba, vidole vya katikati vinajaza kordi, kidole cha mwisho kinaruka chini kuchota besi.

Tatizo ni kwamba mkono ukiruka chini, wimbo ulioko juu unaachwa. Hapo ndipo miguu aliyoitaja Safonov inapoingia. Pedali ya kulia ya piano huinua vizuizi vyote vya sauti, kiasi kwamba noti ikishapigwa inaendelea kulia hata kidole kikiondoka. Unapiga besi, unakanyaga, unaruka juu kwenda kwenye wimbo, na besi inabaki chini ikisubiri. Kabla haijachafuana na kordi inayofuata, unaachia na kukanyaga tena, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kukosea pembeni tu, ama besi imekatika, ama kila kitu kimekuwa uji. Kwa hiyo anayepiga kipande hiki anatumia viungo viwili, mkono na mguu, na wa pili hauonekani. Mtu aliyejifunzia kinanda cha umeme cha kanisani, kama mimi, huona aibu kidogo akifika hapa. Tulizoea mkono wa kushoto kushika besi tu, mara nyingi oktava tupu, do, fa, so, do, na mambo yote mazuri yafanywe na wa kulia.

Baada ya Opus 9 mkono huo haukurudi kwenye utumishi. Fungua etudi kumi na mbili za Opus 8, zilizoandikwa karibu wakati huohuo. Etudi ni kipande cha zoezi kinachoshughulikia ugumu mmoja, lakini tangu Chopin kikawa pia kipande cha ukumbini. Ile ya mwisho, namba 12 katika D# maina, ndiyo maarufu kuliko zote. Watu huisikia oktava za mkono wa kulia, zile zinazolia kama mtu anayetoa hotuba kwenye mvua. Ni haki yao, zinasisimua. Lakini sikiliza chini. Mkono wa kushoto unaruka masafa makubwa bila kupumzika, kutoka besi hadi katikati ya piano na kurudi, na dhoruba yote inatoka huko. Mikono ya Scriabin haikuweza kufunika masafa hayo kwa kunyoosha vidole, kwa hiyo aliyafunika kwa kuruka. Udogo wa mkono ukazaa mwendo.

Chopin chini ya mto

Husimuliwa kwamba alipokuwa mvulana alilala na karatasi za muziki wa Chopin chini ya mto. Iwe kweli au la, majina ya vipande vyake yanakiri. Mazurka kumi katika Opus 3, nokturni, preludi, impromptu, waltz katika Opus 1. Zote ni nyumba zilizojengwa au kupanuliwa na Chopin. Mazurka ni ngoma ya Poland, na Mrusi huyu hakuwa na sababu yoyote ya kuiandika isipokuwa mapenzi kwa aliyemtangulia.

Lakini kuazima nyumba si kuazima sauti. Chukua Opus 2 namba 1, etudi katika C# maina, aliyoitunga akiwa na miaka kama kumi na tano. Ni kipande kifupi, cha taratibu, wala hakina mbio za etudi. Kordi nene zinarudiwarudiwa chini ya wimbo wenye huzuni, na uzito huo wa chini si wa Chopin. Chopin huacha hewa kati ya besi na wimbo. Kijana huyu anaijaza. Ukiwahi kusikia kwaya za wanaume za Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, zenye besi zinazoshuka hadi unajiuliza kama ni binadamu, unajua uzito huo umetoka wapi.

Preludi zilipotea njiani

Anayezikusanya rekodi za kazi hizi huchanganyikiwa na namba. Opus 11 ina preludi 24, vizuri. Halafu kuna Opus 13 yenye sita, Opus 15 yenye tano, Opus 16 yenye tano, Opus 17 yenye saba. Kwa nini zimegawanywa hivyo? Jibu liko kwa mfanyabiashara wa mbao.

Mitrofan Belyayev alikuwa tajiri wa mbao wa St. Petersburg aliyeupenda muziki kuliko mbao. Mwaka 1885 alianzisha kampuni ya uchapaji wa muziki huko Leipzig, Ujerumani, ili kazi za Warusi zilindwe na sheria za hakimiliki za huko. Mwaka 1894 akamchukua Scriabin: akamlipa, akamchapishia, akampeleka Ulaya kupiga. Wakawa na mpango wa preludi 48, mbili kwa kila ki kati ya ki 24 zilizopo. Jumlisha zile nilizozitaja: 24, 6, 5, 5 na 7. Ni 47. Alibakiza moja! Belyayev hakuwa na seti kamili ya pili, kwa hiyo seti moja ilitolewa kamili kama Opus 11 mwaka 1897, na zilizobaki zikagawanywa katika mafungu madogo. Mchanganyiko wote wa namba chanzo chake ni preludi moja ambayo haikuandikwa.

Opus 11 zimepangwa kama Chopin alivyozipanga zake katika Opus 28: C meja, kisha A maina, kisha G meja, kisha E maina, na kuendelea kuzunguka duara lote la ki hadi D maina. Lakini hazikuandikwa kwa mpangilio huo. Chini ya kila moja kumeandikwa mahali na mwaka, kuanzia 1888 hadi 1896: Moscow, Kiev, Dresden, Heidelberg, Paris, Vitznau huko Uswisi. Kwa hiyo preludi mbili zinazofuatana zinaweza kutenganishwa na miaka saba. Ukisikiliza mfululizo unakutana na mvulana wa miaka kumi na sita, mara mwanamume wa ishirini na tatu, mara mvulana tena. Nyingi hazifiki dakika mbili. Napenda kuzisikiliza nikiwa na orodha ya miaka mkononi.

Mapigo yasiyokaa mstarini

Ya kwanza kabisa, C meja, inatosha kuonyesha jambo jingine. Kwenye karatasi, muziki umegawanywa na mistari ya wima, na baada ya kila mstari pigo la kwanza ndilo zito: MO-ja, mbili, MO-ja, mbili. Scriabin ameandika noti kwa makundi ya tano tano, na makundi hayo hayaanzi baada ya mstari. Yanaanza kabla yake na kumalizikia ng'ambo ya pili. Macho yanaona mstari, sikio linasikia wimbi linalouvuka. Ukijaribu kuhesabu kwa kupiga mguu, mguu na sikio vinagombana. Matokeo yake kipande hakitembei, kinaelea.

Namba 14, Eb maina, iko katika mapigo kumi na tano kwa kila kizio, hesabu ambayo watunzi wachache sana walithubutu kuiandika wakati ule. Namba 24 inabadilishana sita na tano, sita na tano, kama mtu anayekimbia huku mguu mmoja ukiwa mfupi. Tena kuna zile ambazo mkono mmoja unapiga noti tano wakati mwingine unapiga tatu, zote ndani ya muda uleule. Kwetu sisi tuliokulia kwenye ngoma ambazo mpigaji mmoja yuko kwenye tatu na mwenzake kwenye mbili, jambo hili haliogopeshi kama linavyowaogopesha wanafunzi wa Ulaya. Tofauti ni kwamba kwenye ngoma migongano hiyo ndiyo inayoshika mapigo yasipotee, na Scriabin anaitumia ili mapigo yayeyuke.

Sonata ya pili, Opus 19, aliyoivuta tangu 1892 hadi 1897 mpaka Belyayev akachoka kusubiri, ndipo mayeyusho hayo yalipopata picha. Yeye mwenyewe aliandika maelezo yake: sehemu ya kwanza ni utulivu wa usiku ufukweni mwa bahari ya kusini, kisha msukosuko wa kina chenye giza, kisha mwanga wa mbalamwezi unaobembeleza, sehemu ya pili ni bahari kubwa yenye dhoruba. Aliyewahi kukaa usiku ufukweni Pangani au Lamu, maji kupwa na kujaa, atajua anachosema wimbo ule unaopita katikati ya vidole, noti ndogondogo zikimetameta juu yake.

Kordi yenye milango miwili

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii, na nitalieleza kwa solfa, maana wengi wetu kwaya zetu zimetulea nayo.

Chukua wimbo wowote wa kitabuni. Karibu na mwisho utakutana na kordi ya so, ti, re, fa. Hata asiyejua kusoma muziki akiisikia anajua kinachofuata. Ti inataka kupanda kwenda do, fa inataka kushuka kwenda mi, na kordi nzima inadondoka nyumbani: do, mi, so. Amina. Karibu muziki wote wa Ulaya wa karne tatu umejengwa juu ya hamu hiyo ya kurudi nyumbani.

Katika kazi zake za mwanzo Scriabin alipenda kuigusa kordi hiyo mahali pamoja: anaichukua re na kuishusha nusu hatua, inakuwa ra. So, ti, ra, fa. Kitu cha ajabu kinatokea. Kordi hiyo mpya ikiwa inakwenda do, ni sawa. Lakini noti hizohizo nne, bila kubadilisha hata moja, ndizo zilezile ambazo mtu aliye upande wa mbali kabisa wa duara la ki angezitumia kurudi nyumbani kwake. Ukisimama kwenye C, kordi hiyo inakurudisha C. Ukisimama kwenye Gb, kordi hiyohiyo inakurudisha Gb. Ina milango miwili, na sikio halina uhakika itatokea upi.

Ujanani aliigusa tu kwa kupita, sekunde moja, mbili, kisha anafungua mlango wa kawaida na kwenda nyumbani. Msikilizaji anasikia utamu wenye wasiwasi kidogo, anaendelea. Lakini kadiri miaka inavyokwenda anakaa kizingitini muda mrefu zaidi. Katika shairi lake la okestra liitwalo Prometheus, Opus 60, lililokamilika mwaka 1910, amekaa kabisa. Wataalamu wameandika vitabu juu ya kordi iliyotawala kazi hiyo, wakaiita kordi ya fumbo: C, F#, Bb, E, A, D. Izungushe kwa solfa ukiihesabu C kuwa so. Utapata so, ra, fa, ti, mi, la. Nne za kwanza ndizo zilezile za kijana wa preludi, na mbili zimeongezwa. Sasa tafuta do ndani yake. Haipo. Nyumba yenyewe imeondolewa kwenye kordi inayoielekea.

Nilipoihesabu hivyo mara ya kwanza, kwa penseli nyuma ya karatasi ya kwaya, nilikaa muda mrefu nikiitazama. Mambo yote yanayosemwa juu ya Scriabin wa baadaye, rangi alizoziona zikiambatana na noti, lile tamasha la siku saba aliloliwazia kwenye milima ya Himalaya, yalinipendeza kama hadithi tu. Hii ilikuwa hatua inayoweza kufuatwa kwa kidole, kutoka preludi ya dakika moja hadi huko.

Na kordi hizo, ziko mkono gani? Katika vipande vya mwanzo, mara nyingi ni wa kushoto unaozibeba: besi chini, ra na ti zikiwa zimetanuliwa juu yake, pedali ikizishika zisipotee. Mkono uliojifunza kujaza kila kitu peke yake uliijua njia.

Karatasi iliyotobolewa

Tuna bahati moja kubwa. Kulikuwa na piano zilizorekodi kwa kutoboa matundu kwenye roli ya karatasi. Ukiirudisha roli kwenye piano ya namna hiyo, vitufe vinashuka vyenyewe. Scriabin aliketi mbele ya mashine za Hupfeld mwaka 1908, na za Welte huko Moscow mwaka 1910. Miongoni mwa alivyorekodi kwa Welte ni etudi ya D# maina na preludi za Opus 11 namba 1, 2, 13 na 14. Alikuwa ameshaingia katika kazi ngumu za ukomavu wake, na bado alivirudia vipande hivi vya ujana.

Roli zina mapungufu yake, hasa katika kupima nguvu na ulaini. Muda, lakini, zinaushika vizuri, na muda ndio unaoshangaza. Mwendo unavutwa na kuachiwa ndani ya kipande cha dakika moja, mikono miwili haishuki pamoja kila mara, besi inatangulia na wimbo unafuata. Aliyezoea wapigaji wa leo wanaofuata kila alama ya karatasi atadhani mashine ni mbovu. Sivyo. Ndivyo alivyopiga, na waliomsikia ukumbini walisema hivyohivyo.

Alifariki Aprili 1915, akiwa na miaka 43, kwa sumu ya damu iliyoanzia kwenye jipu la mdomoni. Mwaka mmoja hivi kabla ya hapo, mvulana mmoja wa Kiev alipelekwa na wazazi wake kumpigia piano. Mvulana huyo alikuwa Vladimir Horowitz, aliyekuja kuwa mpiga piano mashuhuri. Aliondoka Urusi mwaka 1925 na hakurudi kwa miaka 61. Tarehe 20 Aprili 1986, akiwa na miaka 82, alipiga katika Ukumbi Mkubwa wa Konsavatori ya Moscow, chuo kilekile cha Safonov na Arensky. Katika programu ya siku hiyo aliziweka etudi mbili za Scriabin pamoja: Opus 2 namba 1, ya mvulana wa miaka kumi na tano, na mara baada yake Opus 8 namba 12. Video ipo. Kamera inapovisogelea vitufe na vidole vile vya mzee vilivyonyooka, uachie mkono wa kulia ulie utakavyo, uutazame wa kushoto.